Dalili ya Mvua ni Mawingu: Jinsi Mlinda Mlango Anavyoisoma Penalti Kabla Haijapigwa





Katika mambo yanayozungumzwa mabarazani baada ya sala ya Magharibi, ni machache yenye kuzua mabishano upesi kama penalti. Mpira ukiokolewa, mmoja husema ni bahati. Wa pili husema kipa alikisia tu, akaangukia upande uliosadifu. Wa tatu huteremsha sauti, akasema kuwa timu ile ina mtu wake, na kwamba pale langoni pamezikwa kitu. Na mpira ukiingia, lawama zote humwendea mtoto aliyesimama langoni, kana kwamba lango lenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44 ni mlango wa nyumba yao aliosahau kuufunga.

Sisi twaona kauli zote hizi zina madhara. Kijana anayeamini kwamba kuokoa penalti ni bahati hataona sababu ya kujifunza. Anayeamini kuwa ni hirizi atakwenda kutoa fedha ambazo mama yake alizipata kwa jasho. Na anayelaumiwa kwa kila mpira uliompita ataacha mchezo, pengine aache na marafiki wema aliokuwa nao kiwanjani, akatafute wengine tusiowajua. Kwa hivyo tumeona ni vyema tueleze kwa utulivu yale ambayo wataalamu wameyachunguza kwa zaidi ya miaka 30: mlinda mlango anatazama nini, wakati gani, na anachokiona kinamwambia nini.

Siku ya Machakos

Tuanze na tukio lililotugusa pande mbili, kwani wengi wetu katika pwani hii ya kusini tuna jamaa Unguja na Pemba. Tarehe 17 Disemba 2017, katika uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, Kenya na Zanzibar zilikutana katika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA. Zanzibar walisawazisha mara mbili, na baada ya muda wa nyongeza matokeo yakawa mabao 2 kwa 2. Ikabidi penalti ziamue. Mlinda mlango wa Kenya, Patrick Matasi, akaokoa mikwaju 3, na Kenya ikachukua kombe kwa penalti 3 kwa 2.

Mikwaju 3 katika jioni moja si jambo dogo. Katika mashindano makubwa, takriban penalti 3 katika kila 4 huingia wavuni, na miongoni mwa zile zisizoingia, nyingine hugonga mwamba au hupaa juu bila ya kipa kuzigusa.

Miezi 18 baadaye, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, jambo jengine likatokea lililowafanya watu wa Afrika Mashariki watazamane. Tarehe 1 Julai 2019, Sadio Mané wa Senegal, aliyekuwa miongoni mwa washambuliaji bora ulimwenguni, alipiga penalti dhidi ya Kenya na Matasi akaidaka njia. Siku 4 baadaye, tarehe 5 Julai, Mané akapiga nyengine dhidi ya Uganda, na mlinda mlango Denis Onyango naye akaiokoa. Makipa wawili wa nchi jirani, mpigaji mmoja, wiki moja.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Katika mechi ile ile ya Kenya, Mané alipata penalti ya pili, akaipiga, na safari hii akamfunga Matasi. Kipa ni yule yule, mpigaji ni yule yule, na kati ya mikwaju hiyo miwili haikupita hata saa moja na nusu. Basi penalti si hesabu yenye jibu moja. Ni mazungumzo baina ya watu wawili, kila mmoja akijitahidi kumsoma mwenziwe huku akificha yaliyo moyoni mwake.

Hesabu isiyomhurumia kipa

Mpira wa penalti huwekwa mita 11 kutoka mstari wa goli. Mpigaji mwenye nguvu huutuma kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, au kukaribia hapo. Kwa kasi hiyo, mpira hufika langoni kwa takriban sehemu 4 za 10 za sekunde moja. Ukifumba jicho na kulifumbua mara mbili, umeshaingia.

Sasa tumtazame kipa. Binadamu yeyote, awe hodari vipi, huhitaji kama sehemu 2 za 10 za sekunde tangu jicho lione jambo hadi mwili uanze kuitika. Kisha kuna safari ya kutoka katikati ya lango hadi pembeni, nayo humchukua zaidi ya nusu sekunde. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji: kipa akingoja kwanza auone mpira unaelekea wapi, ndipo aruke, atakuwa bado yuko hewani wakati mpira umeshatulia wavuni.

Kwa hivyo ni lazima aanze kujua kabla mpira haujapigwa. Lakini akiruka mapema mno, mpigaji humwona, akauelekeza mpira upande aliouacha. Mapema ni hasara, na kuchelewa ni hasara. Kati ya hasara hizi mbili pana kidirisha chembamba, na ndani ya kidirisha hicho ndimo kipa mzuri anamofanyia kazi.

Wavuvi wetu wa Gazi hawatalishangaa jambo hili. Nahodha hangoji upepo mkali upige tanga ndipo ashike kamba. Huutazama uso wa maji kwa mbali, akaona maji yamebadilika rangi na kukunjika, akajua upepo unakuja na unatokea wapi. Asiyejua bahari huyaona maji yale yale na asisome kitu. Dalili ya mvua ni mawingu, na penalti nayo ina mawingu yake.

Mwili wa mpigaji una mengi ya kusema

Mawingu hayo ni yapi? Tuyapange kwa utaratibu yanavyojitokeza, tangu mpigaji anapoanza kukimbia hadi mguu wake unapougusa mpira. Kwa wepesi wa maelezo, tumchukue mpigaji atumiaye mguu wa kulia. Kwa atumiaye wa kushoto, kila kitu kigeuzwe.

La kwanza ni njia anayoijia mpira. Mwenye kuujia kwa ubavu mara nyingi huwa anajitayarisha kuuzungusha mguu na kuuvuta mpira kwenda kushoto kwake, yaani kulia kwa kipa. Hii ni dalili ya mapema kuliko zote, lakini ni dhaifu kuliko zote, kwani hapo mpigaji bado ana wakati wa kubadili nia.

La pili ni nyonga. Anapoukaribia mpira, nyonga zikiwa zimefunga, zikizunguka kuufuata mguu unaopiga, mpira aghalabu huelekea kushoto kwake. Zikifunguka kwa nje, kama mtu anayefungua mlango kwa ubavu, mpira aghalabu huelekea kulia kwake. Dalili hii ina nguvu zaidi, kwani si rahisi mtu kuzielekeza nyonga upande mmoja na kuupiga mpira kwa nguvu upande wa pili.

La tatu, na hili ndilo wachunguzi wengi wamelipa uzito, ni mguu usiopiga. Mguu huo ndio nguzo. Mpigaji huukita ardhini kando ya mpira, akaubebesha mwili mzima, ndipo mguu wa pili ukapita. Ian Franks wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, pamoja na mwenziwe, walizipitia penalti zilizopigwa katika michuano ya Kombe la Dunia kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, wakatafuta ni dalili ipi iliyo ya kutegemewa na inayojitokeza mapema kiasi cha kumfaa kipa. Waliona kwamba ncha ya mguu uliokitwa mara nyingi mno huelekea kule kule utakakokwenda mpira. Na mguu huo hukitwa takriban robo ya sekunde kabla ya mpira kuguswa.

Robo ya sekunde huenda ikaonekana si kitu. Lakini irudishe katika hesabu yetu ya awali. Kipa aliyeiona dalili hiyo huanza kuitika wakati mguu unaupiga mpira au mara tu baadaye, si baada ya mpira kufika nusu ya njia. Hapo mikwaju mingi isiyopigwa pembeni kabisa huingia katika eneo ambalo mikono yake inaweza kulifikia. Ule unaopigwa kwa nguvu kwenye kona ya juu hauna dawa, na kipa asilaumiwe kwa huo.

La nne ni mguu unaopiga wenyewe: pembe yake unaposhuka, na sehemu ya kiatu inayoukabili mpira. Hii ndiyo dalili ya kweli kuliko zote, lakini hujitokeza mwisho, wakati dirisha linafungwa.

Hapo ndugu msomaji ataona mantiki ya jambo lote. Dalili za mapema ni dhaifu, na dalili zenye nguvu huchelewa. Kazi ya kipa ni kujua angoje hadi ipi.

Jicho la fundi na jicho la mwanagenzi

Mwaka 2002, Geert Savelsbergh wa Uholanzi, Mark Williams wa Uingereza na wenzao walichapisha uchunguzi uliolifafanua jambo hili. Waliwasimamisha walinda mlango mafundi na wasio mafundi mbele ya picha kubwa ya filamu, ambamo wapigaji walikuwa wakiwajia na kupiga penalti. Kila kipa alishika kijiti cha kuonyesha angeruka upande gani, huku chombo maalumu kikifuatilia macho yake yametua wapi na kwa muda gani.

Tofauti zilizoonekana zinafaa kuzingatiwa. Wasio mafundi macho yao yalitangatanga: mara kiwiliwili, mara mikono, mara nyonga, yakiruka kutoka mahali hadi mahali. Mafundi walitazama sehemu chache, na kila sehemu waliikalia kwa muda mrefu zaidi. Kadiri dakika ya kupiga ilivyokaribia, macho yao yalishuka kwenye miguu yote miwili na mpira. Zaidi ya hayo, mafundi walingoja zaidi kabla ya kuamua, na baada ya kuamua hawakuhitaji kujisahihisha mara nyingi kama wenzao.

Miaka 3 baadaye, mwaka 2005, Savelsbergh na wenzake walirudi wakawachunguza mafundi peke yao, ili wajue kwa nini hata miongoni mwao wapo wanaookoa zaidi ya wengine. Jibu lilikuwa lile lile kwa uwazi zaidi. Waliofanikiwa walingoja zaidi, na macho yao yalikaa kwa muda mrefu zaidi juu ya mguu usiopiga.

Wahenga wetu walisema mwenye macho haambiwi tazama. Tungependa kuongeza kwamba mwenye macho huenda akahitaji kuambiwa atazame wapi. Mtoto wa Gazi na kipa wa timu ya taifa wana macho ya aina moja. Kinachowatenganisha katika jambo hili ni mahali pa kuyatua na subira ya kuyatuliza.

Mpigaji naye si mjinga

Mtu anaweza kuuliza: kama dalili ni wazi hivi, mbona penalti bado zinaingia? Jawabu ni kwamba mpigaji naye anajua kuwa anasomwa. Wapo wanaotazama kona ya kulia wakapiga kushoto. Ndiyo maana makipa wenye uzoefu hawayaamini macho ya mpigaji. Macho hudanganya kwa wepesi, ilhali mguu uliobeba uzito wa mwili hauna nafasi kubwa ya kudanganya. Wapo pia wanaopunguza mwendo karibu na mpira, wakimngoja kipa aruke kwanza. Sheria inamruhusu mpigaji kudanganya wakati anakimbia, lakini haimruhusu kufanya hivyo baada ya kumaliza kukimbia. Kipa naye anatakiwa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli, usawa wa mstari huo, au nyuma yake, wakati mpira unapigwa.

Mbele ya mpigaji mwenye kungoja, silaha ya kipa ni moja tu: asiruke kabla ya wakati. Na hapa pana jambo linalohusu tabia za watu kuliko miguu yao. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa penalti 286 kutoka ligi na mashindano makubwa. Takriban asilimia 28.7 ya mikwaju ilipigwa katikati ya lango, lakini makipa walibaki katikati kwa asilimia 6.3 tu. Na kipa alipobaki katikati, aliokoa mara moja kwa kila mara 3, kiwango kilichopita kwa mbali kile cha kuruka pembeni.

Kwa nini basi makipa hawabaki? Wachunguzi hao walieleza kwamba kipa akiruka na akafungwa, watu husema alijitahidi. Akisimama na akafungwa, watu husema aliduwaa kama gogo. Ni aibu ya watu, si hesabu ya mpira, inayomfanya aruke. Tumelinukuu jambo hili makusudi, kwa sababu linatuhusu sisi tunaosimama kando ya uwanja. Makelele yetu ni sehemu ya mchezo. Tunapomcheka kipa aliyetulia, tunamfundisha kuruka kipofu.

Kumbukeni tarehe 6 Disemba 2022 nchini Qatar, Morocco ilipokutana na Hispania katika Kombe la Dunia na kutoka suluhu bila ya bao. Katika penalti, Yassine Bounou aliokoa mikwaju 2 na mwengine wa Hispania uligonga nguzo. Kisha Achraf Hakimi akaupiga mpira wa mwisho polepole katikati ya lango, na kipa wa Hispania alikuwa ameshaondoka. Mchezo huo ulianzishwa na Antonín Panenka wa Czechoslovakia katika fainali ya Ulaya ya mwaka 1976, na hadi leo haufanikiwi ila mbele ya kipa aliyetangulia kuruka.

Ilimu iliyoandikwa juu ya chupa

Kusoma mwili ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumjua mtu. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Cameroon mwanzoni mwa mwaka 2022, mlinda mlango wa Misri, Mohamed Abou Gabal, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Gabaski, alionekana na chupa ya maji iliyobandikwa maelezo kuhusu wapigaji wa timu pinzani. Misri iliwatoa wenyeji katika nusu fainali kwa penalti 3 kwa 1.

Katika fainali ya tarehe 6 Februari 2022, Senegal ilipata penalti dakika za mwanzo kabisa. Mpigaji alikuwa Mané. Mohamed Salah, aliyekuwa akicheza na Mané katika klabu ya Liverpool, alimwendea Gabaski na kumnong'oneza. Mané alipiga kwa nguvu, na Gabaski akaokoa. Lakini mechi ilipofika kwenye mikwaju ya kuamua, Mané yule yule, aliyekwisha kuokolewa na Matasi, na Onyango, na Gabaski, aliijia penalti ya mwisho, akaifunga, na Senegal ikachukua kombe lake la kwanza kwa penalti 4 kwa 2.

Tunayo mafunzo mawili hapa. Kwa kipa: andika, kumbuka, uliza, kwani mpigaji ana mazoea yake kama vile kila mtu ana mwendo wake. Kwa mpigaji: kuokolewa mara 3 mbele ya bara zima si mwisho wa mtu.

Tufanye nini hapa kwetu?

Tukiyarudisha haya Gazi, tunaona kwamba katika yote tuliyoyataja hakuna lililo ghali. Tunapendekeza kwa walimu wa michezo, kwa kaka wakubwa, na kwa wazazi wenzetu mambo yafuatayo.

Kwanza, mazoezi ya jicho bila ya kuruka. Mtoto asimame langoni, mwenziwe auendee mpira kama anayepiga, akite mguu kando ya mpira, kisha asimame bila ya kupiga. Kipa aonyeshe kwa mkono mpira ungekwenda wapi, na mpigaji aseme ukweli alivyonuia. Wakirudia mara 20 kila jioni baada ya Alasiri, jicho litaanza kuzoea kushuka kwenye mguu.

Pili, simu iliyomo mfukoni mwa kaka yake. Apigwe picha ya video mpigaji akitazamwa kutoka langoni, kisha isimamishwe pale mguu unapokitwa, na mtoto aambiwe akisie. Halafu iendelee, aone jawabu. Njia hii ya kuikata picha kabla ya mpira kupigwa ndiyo ile ile wanayoitumia wachunguzi katika vyuo vikuu.

Tatu, kuruka kufunzwe mahali pa salama. Kiwanja kikavu chenye changarawe huchubua nyonga na viwiko, na mtoto aliyeumia huwa na hofu, na mwenye hofu huangalia mahali atakapoangukia badala ya kuutazama mguu wa mpigaji. Mchanga wa pwani maji yakitoka ni godoro tulilopewa bure.

Nne, hila ndogo iliyo halali. Uchunguzi mwengine wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kipa akisimama sentimita chache tu nje ya katikati, kiasi ambacho mpigaji mwenyewe hakitambui, wapigaji huvutika zaidi kupiga upande ule ulio mpana. Kipa anayejua hilo huuacha mlango wazi kidogo upande anaoupenda yeye.

Ama hizo hirizi na vitu vinavyozikwa langoni, hukumu yake katika dini mmeisikia misikitini na hatuna haja ya kuirudia kwa urefu. Hapa tunaongeza hoja ya kiwanjani tu. Kijana aliyeweka tegemeo lake kwenye kitu kilichozikwa chini ya nguzo hatazami mguu wa mpigaji, kwa sababu hadhani kwamba anahitaji kutazama. Amelipa fedha ili afumbwe macho. Na siku akiokoa, sifa humwendea mganga, si yeye aliyeruka.

Mwisho, tuseme juu ya lawama. Tarehe 22 Agosti 2025, katika uwanja wa Kasarani, Kenya ilitolewa na Madagascar katika robo fainali ya mashindano ya CHAN kwa penalti 4 kwa 3, baada ya suluhu ya bao 1 kwa 1. Usiku ule vijana wengi walilala na huzuni, na wengine walilala na matusi midomoni. Tukumbuke kwamba adhabu hii ya penalti ilipendekezwa na mtu aliyekuwa mlinda mlango mwenyewe, William McCrum wa Ireland, ikaingizwa katika sheria mwaka 1891. Tangu siku hiyo imekuwa ni mizani iliyoelemea upande wa mpigaji, na kipa hupewa nafasi finyu ndani yake. Mwenye kupewa nafasi finyu hastahiki kutukanwa anapofungwa. Anastahiki kuulizwa swali moja tu akirudi nyumbani: leo uliona nini?

Swali hilo lina faida kuliko kufoka na kuliko kusifu kusiko na maana. Akijibu kwamba hakuona kitu, mnajua pa kuanzia kesho. Akijibu kwamba aliona mguu umeelekea kulia lakini mwili wake ukachelewa, basi amekwisha kuvuka sehemu ngumu, na kilichobaki ni mazoezi. Na mtoto aliyezoea kuulizwa alichokiona, kabla ya kuulizwa alichokosa, atatulia langoni, na twatumai kwamba utulivu huo hataukosa mahali pengine atakapohitajika kutazama vizuri kabla ya kuamua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, wavulana na mabinti, awape afya na macho ya kuona yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.